UZI: Picha za asili katika kitabu cha Ayubu si pambo, ni ushahidi unaobishaniwa

#1 Mkalimani wa Kale

Wakuu, habari za wakati huu.

Kitabu cha Ayubu wengi tunakisoma kwa kuruka. Sura mbili za mwanzo kwa ajili ya mkasa, kisha hao sura ya 42 mali inaporudi maradufu. Humo katikati tunachuma mistari yenye maua, mito na simba, tunaipeleka kunogesha mahubiri. Na humo katikati ndimo kitabu kilimo: kuanzia 3:1 hadi 42:6, karibu yote ni ushairi.

Hoja yangu ni kwamba mimea, wanyama na hali ya hewa katika ushairi huo ni mashahidi walioitwa kwenye kesi. Kila msemaji anawaita wamsemee yeye. Elifazi, rafiki wa Ayubu, ana simba wake, mwenzake Bildadi ana mafunjo yake, Ayubu ana korongo lake na mti wake. Sura ya 38 hadi 41 Mungu anawaita wengi wa mashahidi haohao, nao hawasemi tena walichosemeshwa mwanzo.

Anayetaka kulithibitisha mwenyewe, achore jedwali la safu tano: picha, sura na mstari, nani anasema, anataka kuthibitisha nini, na imerudi wapi. Jaza safu nne za kwanza kwa sura ya 3 hadi 37. Ya tano iache wazi mpaka ufike 38. Safu ya "nani anasema" ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo kitabu kizima kinaharibika.

Mfano wa kwanza ni simba. Katika 4:8 Elifazi anasema wapandao taabu ndio waivunao, halafu mstari wa 10 na 11 anamleta simba: ngurumo yake inakatizwa, meno yanavunjika, anaangamia kwa kukosa mawindo, watoto wake wanatawanyika. Kiebrania cha mistari hiyo miwili kina majina matano tofauti ya simba. Ameita ukoo mzima kuthibitisha kwamba mwovu huanguka hata akiwa na nguvu. Nenda sasa 38:39-40. Mungu anauliza: ni nani anayemwindia simba jike na kuwashibisha wana-simba wakijikunyata pangoni? Njaa ni ileile, lakini hakuna mwovu hapo. Ni simba tu, na kuna anayehakikisha wanakula.

Mfano wa pili, punda-mwitu. Katika 24:5-8 Ayubu anawafananisha maskini na punda-mwitu: wanatoka asubuhi kutafuta riziki nyikani, usiku wanalala bila nguo, wanalowa kwa mvua ya milimani na kuukumbatia mwamba kwa kukosa makazi. Katika 39:5-8 punda-mwitu huyohuyo amefunguliwa kamba na Mungu mwenyewe, nyumba yake ni nyika na ardhi ya chumvi, anaucheka mji na kelele za msimamizi hazisikii. Kwa Ayubu alikuwa sura ya mtu aliyenyimwa. Kwa Mungu ni kiumbe asiye na bwana.

Wa tatu ni mdogo lakini mimi naupenda kuliko yote. Katika 3:9 Ayubu anaulaani usiku wa kutungwa mimba yake, usizione kope za alfajiri. Maneno hayo mawili ya Kiebrania, kope za alfajiri, yanatokea mara moja nyingine tu katika Biblia nzima ya Kiebrania: 41:18, macho ya Lewiathani. Alfajiri aliyotaka izimwe inarudi machoni mwa mnyama wa kutisha kuliko wote. Na Lewiathani mwenyewe Ayubu alikwisha kumtaja katika 3:8. Kama Biblia yako imeandika "mamba" katika sura ya 41, jua ni jina lilelile, vinginevyo uzi huo utakukatikia mkononi.

Tahadhari ya namba: chapa za Kiebrania zinahesabu tofauti hapo. 41:1 yetu ni 40:25 kwao, na 41:18 yetu ni 41:10 kwao. Wengi hudhani mstari umekosekana.

Karibuni.

#2 Kikombe

Mkuu umeshusha nondo. Swali moja: kama mashahidi hawasemi walichosemeshwa, basi wanasema nini? Maana Ayubu katika 31:35 ameomba hati ya mashtaka, anajibiwa kuhusu mbuni na mbuzi-mwitu. Mtu aliyezika watoto kumi anapelekwa kutazama wanyama?

#3 Mtembezi wa Nyika

Kabla ya kumjibu Kikombe, tutandike ardhi kwanza. Msomaji wa Afrika Mashariki anaingia na hali ya hewa ya kwao bila kujua, na picha zinapinda.

Mvua. Sisi tuna vuli na masika, misimu miwili yenye kiangazi katikati. Kwa Waebrania msimu ni mmoja, wa baridi: unafunguliwa na mvua za mwanzo karibu Oktoba au Novemba, unanyesha sana Desemba hadi Februari, unafungwa na mvua za mwisho Machi au Aprili. Juni hadi Septemba ni ukavu mtupu. Kwa hiyo Ayubu anaposema katika 29:23 kwamba watu walimngoja kama mvua na kufumbua vinywa kama wanaongoja mvua ya mwisho, anataja ile inayojaza punje za nafaka kabla ya mavuno. Ikikosekana hiyo, shayiri imesimama shambani lakini masuke ni mepesi.

Mvua hiyo inakuja na baridi. Ndiyo maana 24:8, maskini kulowa milimani bila nguo, si picha ya baraka hata kidogo. Nyanda za juu za Edomu zinapata theluji majira ya baridi, na Maombolezo 4:21 inaiweka nchi ya Usi, kwao Ayubu, upande huohuo wa Edomu.

Kiasi nacho kinabadilika haraka mno. Yerusalemu, kwenye mita 800 hivi juu ya bahari, hupata karibu milimita 550 kwa mwaka. Shuka mashariki kilomita 25 tu, uko Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, na mvua haifiki milimita 100. Beer-sheba ni kama 200, mpaka wa mtu kulima shayiri kwa mvua na kutumaini kuvuna. Nyika kwao haiko mbali. Iko nyuma ya kilima.

Sasa 6:15-20. Ayubu anasema rafiki zake wamemdanganya kama korongo la maji. Anayejua mito ya mchanga ya Kitui au Dodoma ana nusu ya picha tayari. Nusu ya pili ni barafu: makorongo haya yanajaa maji meusi kwa barafu na theluji iliyojificha ndani yake. Majira ya baridi, wakati hakuna mwenye kiu, yanaunguruma. Likipiga joto, yamekwisha. Misafara ya Tema inayatazamia, wasafiri wa Sheba wanayategemea. Wanaacha njia kuu, wanalifuata korongo kwenda juu, wanapotelea nyikani.

Tema ni oasisi ya Tayma, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia ya leo. Sheba ni Saba, upande wa Yemeni. Hawa si wageni wa jangwa, ndio mabingwa wa njia hizo. Mshairi amewachagua makusudi: korongo hili linawadanganya hata wenye ujuzi. Kinachowaua si kiu ya njiani tu. Ni kule kuiacha njia kwa kuyaamini maji. Kila hatua ya kupanda kufuata korongo inakula akiba iliyobaki kwenye viriba, na wakigundua limekauka maji ya kurudia hayatoshi.

Ukirudi 2:13 utaona kwa nini picha inachoma. Rafiki hao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walikuwa wamejaa. Alipofungua kinywa tu, wakakauka.

#4 Shamba Darasa

Mtembezi amegusa mvua, nami niingie kwenye miti, maana hapo kuna mnyororo watu wengi wanaupita.

14:7-9: mti una tumaini, ukikatwa huchipuka tena, hata kama mzizi umezeeka ardhini na kisiki kinakufa mavumbini, kwa harufu ya maji tu utatoa machipukizi. Ni kweli, ila si kwa kila mti. Mzeituni unachipuka kutoka shinani, na hayo ndiyo machipukizi ya Zaburi 128:3, watoto kama miche ya mizeituni kuizunguka meza. Mialoni ya huko pia huchipuka, na Isaya 6:13 inaitegemea sifa hiyo. Lakini msonobari wa Aleppo na mvinje ukikata umekata, na mwerezi wa Lebanoni vivyo hivyo. Kwa hiyo anayeusoma mstari wa 14:7 na kuchora mwerezi kwenye bango amekosea mti.

Ayubu anautumia mti huo dhidi ya tumaini. Mti una tumaini, mtu hana: akilala haamki. Na tazama maji yanavyobadilika kazi ndani ya sura moja. Mstari wa 9 maji yanafufua kwa harufu tu. Mstari wa 11 yanatoweka ziwani na mto unakauka. Mstari wa 19 yanamomonyoa mawe, mafuriko yanachukua udongo, na hivyo ndivyo Mungu anavyoliharibu tumaini la mtu. Mwisho huo ni wa mtu aliyewahi kuona kilima kimepoteza udongo. Milima ya Yudea ni chokaa yenye udongo mwembamba; matuta ya mawe yakibomoka, mvua za majira machache zinauteremsha wote bondeni, na haurudi.

Sasa mnyororo wenyewe. Bildadi anasikia habari ya mzizi, anajibu katika 18:16: mizizi ya mwovu hukauka chini na matawi hunyauka juu. Amekwenda palepale Ayubu alipoacha upenyo, chini ya ardhi, akauziba. Ayubu naye katika 19:10 anasema Mungu ameling'oa tumaini lake kama mti. Siyo kukata tena, ni kung'oa. Mti uliokatwa una kisiki. Uliong'olewa hauna hata pa kupokea hiyo harufu ya maji. Mistari mitatu, sura sita, watu wawili wanabishania shina moja. Halafu katika 29:19, akikumbuka siku zake njema, anasema mzizi wake ulikuwa umeenea hadi kwenye maji na umande ulilala tawini usiku kucha. Umande pale ni jambo kubwa, maana kiangazi chote hakuna mvua.

Nyasi na upepo kwa kifupi. Wengi tuko pwani au tunaijua hali ya pwani, ambako upepo wa kutoka mashariki unatoka baharini na una unyevu. Kwao bahari iko magharibi, na mvua inatoka huko: wingu la Eliya dogo kama mkono wa mtu lilitoka baharini. Upepo wa mashariki unatoka jangwani. Unavuma hasa majira ya kuchipua na tena kiangazi kinapoisha, joto linapanda ghafla, unyevu hewani unaanguka, na majani ya vilimani yaliyokuwa kijani wiki iliyopita yanageuka rangi ya mkate. Ukikutana na "upepo wa mashariki" katika 27:21, Yona 4:8, Ezekieli 17:10 au Hosea 13:15, usifikirie ubaridi wa baharini. Fikiria mlango wa tanuri.

#5 Kikombe

Mti uliokatwa dhidi ya uliong'olewa... sikuwahi kuunganisha hizo sura. Sasa na maji ya Zaburi? "Maji yamefika shingoni." Nchi kavu namna hiyo wanazama wapi?

#6 Bi Zaburi

Ndugu Kikombe, swali zuri. Jibu fupi: wengi wanazama kisimani, na kisimani tatizo ni tope.

Tunavyosema kisima sisi huenda tunawaza maji yanayobubujika chini. Haya yalikuwa matangi ya kuchongwa ndani ya mwamba wa chokaa, umbo la chupa: shingo nyembamba juu, tumbo pana chini. Ndani yanapigwa lipu ya chokaa iliyochomwa, kwa sababu mwamba wenyewe una nyufa. Mvua ya baridi inaelekezwa humo kwa mifereji, maji yanatumika kiangazi chote. Kuna mahali pawili panapoharibika. Lipu ikipasuka, maji yanapenya mwambani usiku kwa usiku, na mwenye nyumba anagundua Julai ambapo hakuna mvua hadi Oktoba. Na kila mvua inaleta matope kutoka juu ya paa na uani. Yasipozolewa, chini panakuwa na tabaka la tope zito hata maji yakiisha.

Yeremia 38:6 iko hivyo hasa: walimshusha kwa kamba, mlikuwa hamna maji ila tope, naye akazama topeni. Na kwa sababu ya lile umbo la chupa, hakuna ukuta wa kupanda. Kuta zinakwenda zikikutana juu ya kichwa chako. Ebedmeleki, katika mistari ya 11 hadi 13, alimteremshia matambara ya kuweka makwapani chini ya kamba. Mtu akivutwa kutoka kwenye tope linalomnyonya, kamba inakata ngozi. Mwandishi aliyeweka matambara hayo alijua kazi.

Soma tena Zaburi 69:2 sasa, tope pasipo pa kusimama, kisha 69:15, shimo lisifumbe kinywa chake juu yangu. Kinywa ni ile shingo. Maombolezo 3:53-54 ni hivyohivyo: wamenitupa shimoni, wamenitupia jiwe, maji yamepita juu ya kichwa.

Zaburi 42 ni tofauti. Inaanza kwa ayala mwenye kiu, na mstari wa 7 mawimbi yote yamepita juu yake. Wengine husema mshairi amechanganya picha. Ramani iko mstari wa 6: nchi ya Yordani, Hermoni, kilima cha Mizari. Hermoni una mita 2,814 na theluji yake inalisha chemchemi za Yordani, maji yanatoka chini ya mlima kwa kishindo. Huyu mtu ana kiu akiwa amesimama penye maji mengi kuliko mahali pote katika nchi ile. Kiu yake ni ya hekalu lililo mbali, na kelele za maji zinamwongezea. Hakuna kilichochanganywa.

Na nirudi kwenye korongo la Mtembezi, kwa kuwa Yeremia analo pia, na kalitumia vibaya zaidi. Katika 2:13 Mungu anajiita chemchemi ya maji ya uzima na kuwalaumu watu kwa kujichimbia visima vinavyovuja. Fika 15:18: Yeremia, jeraha lake halitaki kupona, anamwambia Mungu umekuwa kwangu kama kijito kidanganyacho, maji yasiyodumu. Ayubu aliwaambia rafiki zake. Yeremia anamwambia mwenye chemchemi mwenyewe. Jibu la 15:19 halimbembelezi.

Halafu Zaburi 126:4 inachukua makorongo hayohayo ya kusini, ya Negebu, na kuyageuza kuwa ombi: turejeshe kama vijito vya kusini. Korongo kavu linaweza kujaa kwa saa moja, hata jua likiwa linawaka pale ulipo, kwa mvua iliyonyesha milimani mbali. Kasoro ileile iliyowaua watu wa Tema, kwamba haliaminiki, ndiyo tumaini la waliorudi kutoka uhamishoni.

#7 Shamba Darasa

Bi Zaburi, ongeza hapo 126:5-6, wapandao kwa machozi. Watu huiona huzuni ya jumla tu. Kuna hesabu ndani yake. Kalenda ya Gezeri, bamba dogo la chokaa la karne ya 10 kabla ya Kristo lililofukuliwa mwaka 1908, inaorodhesha miezi ya shamba: miwili ya kukusanya mavuno, miwili ya kupanda, miwili ya kupanda kwa kuchelewa, mmoja wa kitani, mmoja wa shayiri, mmoja wa mavuno na kupima, miwili ya mizabibu, mmoja wa matunda ya kiangazi. Kupanda kunafuata kiangazi kirefu. Mwaka uliotangulia ukiwa mbaya, mbegu unayoitupa ardhini ndiyo nafaka ambayo watoto wangekula usiku huo, na shayiri haitakuwa tayari mpaka karibu Aprili. Hapo ndipo machozi yanapoingia.

#8 Mkalimani wa Kale

Nimrudie Kikombe sasa, swali lake la #2 lilikuwa halijajibiwa.

Mashahidi wanasema nini? Kwanza tuone walikataa nini. Rafiki wote watatu wanasoma asili kama daftari la thawabu na adhabu. Elifazi: unavuna ulichopanda. Bildadi, 8:11-13: mafunjo hayamei pasipo matope, yakikosa maji yananyauka yakiwa bado mabichi kabla ya majani mengine yote, na hivyo ndivyo ilivyo kwa wamsahauo Mungu. Kama maelezo ya mmea, hana kosa. Mafunjo ni mmea wa majini, sehemu kubwa ya mwili wake ni maji na hewa, yakikauka yanaanguka haraka kuliko nyasi ngumu za vilimani. Kosa lake ni lile "na hivyo". Katika 8:4 amekwisha kusema watoto wa Ayubu walikufa kwa dhambi yao, na mafunjo yameitwa kulithibitisha hilo.

Elihu, yule msemaji kijana anayeingia baada ya rafiki watatu kunyamaza, katika 37:13 anaiweka mvua wazi zaidi: huja ama kwa fimbo, ama kwa ajili ya nchi, ama kwa rehema.

Sasa sikiliza 38:26. Mungu ananyesha mvua juu ya nchi isiyo na mtu, jangwa lisilo na binadamu ndani yake. Ndani ya mstari mmoja ametaja mara mbili kwamba hakuna mtu. Mvua hiyo haimwadhibu yeyote wala haimtuzi yeyote. Daftari la rafiki halina ukurasa wa kuiandika. Hapo ndipo ninapoona kiini cha hotuba nzima: mateso ya Ayubu hayasomeki kutoka kwenye hali ya hewa, kwa sababu hali ya hewa haikuandikwa kumhusu yeye. Hajapewa sababu. Ameondolewa lawama, na 42:7 inasema hivyo waziwazi: rafiki hawakunena yaliyo sawa.

Jambo jingine, Kikombe, ulitaja watoto kumi. Katika 1:19 waliuawa na upepo mkubwa uliotoka upande wa nyika ukaipiga nyumba pembe nne. Katika 9:17 Ayubu anahofu kwamba Mungu angemponda kwa tufani. Katika 38:1 Mungu anamjibu kutoka katika tufani. Mwandishi hakutafuta mahali pengine pa upole pa kumsemeshea.

#9 Mtembezi wa Nyika

Mkuu, hapo umekwenda vizuri lakini umeishia kwenye faraja ambayo mimi siioni. Asili ya sura ya 38-39 haikuondolewa daftari tu, imeachwa na damu yake. Hotuba ya wanyama inaishia 39:30: makinda ya tai wanafyonza damu, na walipo waliouawa, ndipo tai alipo. Kabla ya hapo kuna farasi wa vita anayecheka hofu, 39:19-25. Na mbuni, 39:13-18, anayaacha mayai ardhini, anasahau kwamba mguu unaweza kuyaponda, anawatendea watoto wake kwa ukali kama si wake, na sababu inayotolewa ni kwamba Mungu amemnyima hekima. Mungu anasema hivyo juu ya kazi yake mwenyewe, bila kuomba radhi.

Linganisha na Maombolezo 4:3, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo. Hata mbweha hutoa ziwa na kunyonyesha watoto wake, lakini binti wa watu wangu amekuwa mkali kama mbuni nyikani. Mstari wa 4 unaeleza kwa nini: ulimi wa mtoto anyonyaye umegandamana na kaakaa kwa kiu, watoto wanaomba chakula na hakuna wa kuwamegea. Pale mbuni ni mama aliyefikishwa mahali pa kutotoa. Na Ayubu katika 30:29 alijiita ndugu wa mbweha na mwenzi wa mbuni. Basi Mungu anapomleta mbuni, anamletea Ayubu ndugu yake.

Kwa haki ya mbuni: kiota chake ni shimo dogo la kukwangua ardhini, majike kadhaa wanataga humo, dume hulalia usiku na jike mkuu mchana, na mayai ya pembeni huachwa. Mtu anayepita akiona mayai yaliyotupwa hana makosa kuona ukali. Ameona sehemu tu.

#10 Bi Zaburi

Naungana na Mtembezi kuhusu damu, ila 38:41 usiiruke: makinda ya kunguru wanamlilia Mungu wakitangatanga kwa kukosa chakula. Kilio chao kimehesabiwa kuwa kinaelekezwa kwa Mungu, sawa na cha Ayubu. Sioni hapo faraja laini, lakini hata ubaridi wa mtu asiyejali siuoni.

#11 Mkalimani wa Kale

Mtembezi, nakubali damu ipo. Sikubali kwamba inaifuta 42:7. Tukae na zote mbili.

#12 Kikombe

Nimeelewa kuwa hamtakubaliana, haya. Nina kundi la kujifunza Biblia, vipindi vinne. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?

#13 Mkalimani wa Kale

Kipindi cha kwanza soma sura ya 3 hadi 8, jaza jedwali, usifafanue chochote. Cha pili fuata mnyororo wa Shamba Darasa peke yake: 8:16-19, 14:7-12, 18:16, 19:10, 29:19. Cha tatu 38 na 39 kwa sauti, wasomaji wawili wakipokezana, mmoja akisoma mstari wa zamani na mwingine ule uliorudi: 4:10-11 na 38:39-40, 24:5-8 na 39:5-8, 30:29 na 39:13. Cha nne 40 na 41, kisha 42:7.

Jihadhari na 8:7. Mwanzo mdogo na mwisho kuongezeka sana ni mstari unaopendwa mno kwenye kadi na mabango. Msemaji ni Bildadi, na umekaa mistari mitatu baada ya kuwasema watoto waliokufa. Mwanakundi akiuleta, muulize tu nani anasema, mwache afungue mwenyewe.

Na usitafute maana ya siri ya kila mnyama. Kundi likianza kuuliza punda-mwitu "anawakilisha" nini, limekuwa la Elifazi.

#14 Shamba Darasa

Na Elihu anawekwa upande gani kwenye jedwali? Ana mistari mizuri kuliko wote kuhusu matone ya maji kuvutwa juu na kunyesha, 36:27-28.

#15 Mkalimani wa Kale

Mpe safu yake peke yake. 42:7 inamtaja Elifazi na rafiki zake wawili. Elihu hahukumiwi wala hasifiwi. Zingatia tu kwamba kuanzia 37:2 anawaambia wasikilize ngurumo, na 38:1 tufani imefika. Alitabiri mvua vizuri. Kuhusu ilikuja kwa ajili ya nini, ile 37:13 yake, iandike kwa penseli.